Pasaka si zindiko la nyumba

Wiki mbili kabla ya Pasaka ya mwaka 2022, mama mmoja alinisimamisha njiani hapa Samburu. Samburu ninayoisema ni yetu ya Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi ukishapita Mariakani, si ile ya kaskazini. Mvua ilikuwa imetukatikia msimu baada ya msimu. Mabwawa yalibaki tope lililopasuka, na mifugo mingi ilikuwa imekufa. Yule mama alibakiwa na mbuzi wanne tu.

"Mwalimu," akaniambia, maana mimi hufundisha wanafunzi wa ubatizo kanisani kwetu, "nimeambiwa nipeleke mbuzi dume asiye na kilema. Achinjwe, damu yake ipakwe mlangoni kwangu, ndipo maradhi ya watoto yatapita. Eti imeandikwa kwenye Biblia. Ni kweli au si kweli?"

Aliyemwambia alikuwa mhubiri wa kupita, aliyefika na hema na spika zake, akakaa siku chache akaondoka. Sikutaka kumjibu mama yule harakaharaka. Nilimwomba anipe siku mbili nisome. Nimefundisha habari za Pasaka miaka mingi, lakini sikuwahi kuulizwa swali lenye mbuzi wa mtu ndani yake. Mbuzi mmoja kati ya wanne, mwaka wa njaa, ni karo, ni dawa, ni unga wa mwezi mzima.

Niliyomjibu ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu swali lile halijaisha. Kila Kwaresima nalisikia tena. Mwaka huu ni mbuzi, mwaka mwingine ni kuku, mwaka mwingine ni chupa ya mafuta ya kupaka milangoni.

Ni kweli, imeandikwa

Tuanze kwa haki. Mhubiri yule hakuzua habari ya damu. Imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Waisraeli walikuwa watumwa Misri, na Farao amekataa kuwaachilia hata baada ya mapigo tisa. Kabla ya pigo la kumi, la kufa wazaliwa wa kwanza, Mungu anampa Musa na Haruni maagizo ya usiku mmoja. Kila nyumba itenge mnyama siku ya kumi ya mwezi na kumchinja siku ya kumi na nne jioni. Damu ipakwe kwenye miimo miwili ya mlango na kizingiti cha juu. Nyama ichomwe motoni, iliwe usiku uleule pamoja na mkate usiotiwa hamira na mboga chungu. Waile wamejifunga mikanda, viatu miguuni, fimbo mkononi, kama watu wanaongoja gari la alfajiri.

Hayo ndiyo yanayohubiriwa kwenye spika. Lakini katika sura hiyohiyo kuna mambo matatu yanayorukwa.

La kwanza, mnyama anaweza kuwa kondoo au mbuzi. Hili kwetu ni dogo ila linafurahisha. Mduruma hahitaji kutafuta kondoo ili aielewe Pasaka.

La pili, hesabu ya midomo. Andiko linasema kwamba nyumba ikiwa na watu wachache wasioweza kummaliza mnyama mmoja, washirikiane na jirani wa karibu, na wapange kwa kadiri ya kila mtu anavyoweza kula. Hebu litazame tena jambo hilo. Kabla ya damu kufika mlangoni, tayari kuna mtu anahesabu nani atakula nini, na nani wa mlango wa pili anaitwa. Hakuna nyumba ya Mwisraeli iliyotakiwa kukosa mlo usiku ule kwa sababu ya uchache wake wala umaskini wake.

La tatu, na hili ndilo lililonisimamisha: nani alimla mnyama yule? Walimla wenye nyumba. Hakupelekwa kwa kuhani, maana usiku ule hapakuwa na kuhani wala hekalu. Hakupelekwa kwa Musa. Baba wa nyumba ndiye aliyechinja, na watoto wake ndio walioshiba. Nyama haikuruhusiwa hata kutolewa nje ya nyumba, wala kuwekwa hadi asubuhi.

Nilipomweleza mama yule hili la tatu, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kumbe mbuzi wangu angeliwa na nani?" Sikuwa na la kumjibu.

Kwa nini masikio yetu yanasikia zindiko

Sisi watu wa Pwani tunajua zindiko ni nini. Mtu akihisi kwamba nyumba yake inaandamwa, humwita fundi, fundi huzindika boma kwa dawa ya kufukia mlangoni, au kwa damu ya kuku au mbuzi, na hulipwa. Baada ya muda zindiko huchakaa, likatakiwa kufanywa upya. Kwa hiyo mtu wa hapa akisikia habari ya damu kwenye miimo ya mlango, akili yake inaenda huko moja kwa moja. Haina kosa, ndiyo njia iliyozoea.

Lakini linganisha. Zindiko lina mtaalamu, Pasaka ya Misri haikuwa na mtaalamu. Zindiko lina malipo, Pasaka haikuwa na malipo. Zindiko nguvu zake zimo ndani ya kitu chenyewe, ila ile damu iliitwa ishara. Aliyewapitia na kuwaacha salama alikuwa Mungu, kwa ahadi yake, na wao waliipokea kwa kutii. Isitoshe, zindiko hukusaidia ukae palepale ulipo bila hofu. Pasaka iliwatoa watu walipokuwa. Kesho yake nyumba zile zenye damu mlangoni zilibaki tupu, wenyewe wako njiani, wako huru.

Hata Wayahudi wenyewe hawakuendelea kupaka damu milangoni kila mwaka. Walipokuwa na hekalu Yerusalemu, wanyama wa Pasaka walichinjwa huko, na damu ikamwagwa madhabahuni. Warumi walipolibomoa hekalu mwaka 70, kuchinja nako kukakoma. Leo katika meza ya Pasaka ya Kiyahudi huwekwa mfupa tu, wa kukumbusha. Ikiwa wenye sikukuu yao hawapaki damu, sisi wa Samburu tumeambiwa na nani?

Hamira, mutsunga na swali la mtoto

Kilichobaki mezani ni chakula na simulizi, na vyote viwili vinaeleweka vizuri jikoni kwetu.

Mkate wa Pasaka hautiwi hamira kwa sababu watu walitoka kwa haraka, unga haukupata nafasi ya kuumuka. Kila mpishi wa mahamri anajua kwamba donge linataka kuachwa liumuke. Chapati haikungojei hivyo, ndiyo maana ukitaka kumweleza mtoto mkate ule, mwonyeshe chapati, kisha mwambie aitoe mafuta na chumvi. Kwa sheria ya Kiyahudi, tangu unga kuguswa na maji hadi mkate kuwa umeiva hazitakiwi kupita dakika 18.

Mboga chungu ni za kukumbuka uchungu wa utumwa. Hapa hatuhitaji kufikiri sana. Tunayo mchunga, ambayo wengi wetu tunaiita mutsunga, na mtu aliyekula wari kwa mutsunga mwaka wa njaa anajua uchungu unaotia nguvu mwilini.

Kwenye mlo huo, mtoto mdogo huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine, na wakubwa hujibu kwa kusimulia habari za Misri. Nalo limetoka katika Kutoka 12, maana imo kwamba watoto watakapouliza maana ya ibada ile, wajibiwe. Simulizi hiyo haisemwi kama habari ya mababu peke yao. Kila anayekula anatakiwa ajione kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri.

Huo si ugeni wa mbali. Huko Uganda, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, Waafrika walioanza kushika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Zama za Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Kampala ilipotekwa na serikali ya Amin kuanguka, ilikuwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka ule ilipoingia. Watu kama hao hawahitaji kufafanuliwa sana habari ya Farao.

Nasi tuna ya kwetu karibu zaidi. Kituo cha Rabai, kilichoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846, kilikuja kuwa kimbilio la watumwa watoro. Miaka ya 1880 kilisimamiwa na kasisi William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe alitekwa utumwani akiwa mtoto. Januari 1889, zaidi ya watoro 1,000 walipewa hati za uhuru palepale Rabai, baada ya waliokuwa wakiwadai kulipwa fidia. Wakristo wengi wa mwanzo wa Pwani walikuwa watu wa namna hiyo. Wao walipofundishwa kwamba Mungu huwatoa watu utumwani, hawakufikiria Misri peke yake.

Alichofanya Yesu mezani

Sasa tufike kwenye swali lenyewe, maana ya mlo ule kwa Mkristo.

Mathayo, Marko na Luka wanasimulia kwamba usiku wa kusalitiwa kwake, Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake katika chumba cha juu Yerusalemu. Ukizisoma habari zao, utaona jambo moja. Nyama haitajwi kwamba iliinuliwa na kubarikiwa. Alichokitwaa ni mkate, akaumega, akasema ni mwili wake. Akatwaa kikombe, akasema ni agano katika damu yake. Akawaagiza wafanye hivyo kwa kumkumbuka.

Injili ya Yohana inahesabu siku kwa namna nyingine. Kwake, Yesu anasulubiwa siku ya Maandalio, wakati wanyama wa Pasaka wanachinjwa. Yohana anaongeza kwamba askari hawakumvunja miguu, na anakumbusha agizo la Kutoka 12 kwamba mfupa wa mnyama wa Pasaka usivunjwe. Wasomi wamejadiliana sana juu ya tofauti hiyo ya siku. Lakini shabaha ni moja: mwana-kondoo ni yeye.

Paulo anawaandikia Wakorintho waziwazi kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu na amekwisha kutolewa sadaka, kwa hiyo kilichobaki ni kuiondoa hamira ya kale, yaani uovu na hila. Waraka kwa Waebrania nao unarudia zaidi ya mara moja kwamba sadaka hiyo ilitolewa mara moja tu, haina marudio.

Hapo ndipo jibu la mbuzi lilipo. Kama Mkristo anaamini kwamba mwana-kondoo amekwisha kuchinjwa, basi anayemtaka achinje mwingine kwa ajili ya ulinzi wa nyumba yake anamwambia, kwa maneno mengine, kwamba ule wa kwanza haukutosha. Hiyo si nyongeza ya imani, ni upungufu wa imani uliovaa kanzu.

Makanisa yetu hayasemi sawa katika kila jambo. Wakatoliki wanaamini kwamba mkate na divai vinageuka kuwa mwili na damu ya Kristo kweli, na Alhamisi Kuu padre huwaosha waumini miguu. Waadventista huoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Makanisa mengi ya Kipentekoste huiona meza hiyo kuwa ukumbusho. Wengine hutumia divai, wengine maji ya zabibu yasiyo kileo. Tofauti hizo zina uzito, sizidharau. Lakini hakuna mapokeo hata moja kati ya hayo yanayomdai mjane mbuzi.

Yesu alichagua mkate na kikombe, vitu vya meza ya kila siku huko kwao. Angechagua nyama, nusu ya Kinango tungekuwa tunakaa nje mwaka wa ukame.

Mlo wa kushiba, si wa kufa njaa

Kuna sehemu ya mafundisho haya ambayo tunaipita haraka, nayo inatuhusu sana. Wakorintho walipokutana kula chakula cha Bwana, wenye nacho walitangulia kula na kulewa, maskini wakabaki na njaa. Paulo aliwakemea vikali. Aliwaambia kwamba kula namna ile si kula chakula cha Bwana, na kwamba wanawatahayarisha wasio na kitu. Agizo la Misri la kumhesabu jirani limerudi, safari hii ndani ya kanisa.

Nayasema haya nikiwa nimeyaona ya karibu yetu. Aprili 2023, siku chache baada ya Pasaka, habari za msitu wa Shakahola kule Kilifi zilianza kutoka. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, mingi ya watu ambao, kwa mujibu wa upande wa mashtaka, walikuwa wameambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kesi ni ya mahakama, siihukumu. Langu ni la mafundisho. Katika Kutoka 12, watu wanaokwenda kukutana na wokovu wa Mungu wanaambiwa kwanza wale. Watoto nao wanakula. Katika chumba cha juu, Yesu anayejua kwamba kesho atakufa anawalisha wenzake. Kufunga kupo katika dini yetu na kuna faida yake, lakini sadaka inayoua mtoto kwa njaa haina ukoo na meza ya Pasaka.

Kwa hiyo mtu akikuletea fundisho la sadaka, la mbuzi, la kuku, la pesa au la njaa, ulizia jambo dogo: mwisho wa ibada hii, nani atakuwa ameshiba?

Jirani wa mlango wa pili

Jirani yangu wa karibu ni Mwislamu, na hapa Samburu si jambo la ajabu. Mwaka ule wa 2022, Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 15 Aprili, katikati ya Ramadhani, na jioni yake Wayahudi wakaingia Pasaka. Sisi Wakristo nasi tunafuata mwezi, ingawa wengi hatujui. Pasaka yetu ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa tarehe 21 Machi au baada yake. Jirani hungoja mwezi mwandamo, sisi hungoja ukijaa.

Mzee wa nyumba ile aliniambia jambo ambalo sikulijua. Kwa mapokeo yao, siku ya Ashura, tarehe 10 ya mfungo nne, ndiyo siku Nabii Musa na watu wake waliokolewa na Farao, na wengi wao hufunga siku hiyo kwa shukrani. Imani zetu juu ya Yesu ni mbili tofauti, na hatukujidanganya kwamba ni moja. Lakini juu ya Farao tulielewana upesi.

Mama yule hakumpeleka mbuzi. Mtoto alimpeleka zahanati, akatibiwa homa. Na Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, aliungana na mjane wa nyumba ya pili. Walikuwa na kuku mmoja, chapati, na sufuria ya mutsunga. Midomo niliyoihesabu ilikuwa tisa, na mimi wa kumi, maana nilikaribishwa. Kabla ya kula, mwanawe mdogo aliuliza kwa nini leo kuna kuku.

Mama akamwambia, "Kaa hapa nikuhadithie."